Nimezeekea jukwaani, sasa nataka kuwaandikia watoto riwaya

Mshauri wetu, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Majengo hapa Moshi, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza katika michezo ya kuigiza ya nyimbo. Nilianza na ngonjera shuleni katika miaka ya sabini, enzi ambazo mgeni wa serikali hakupokelewa bila ngonjera na kwaya. Baadaye nilipata mafunzo katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipokuwa bado kichanga, kisha nikarudi kaskazini na kuingia katika kikundi kilichozunguka Moshi, Arusha, Same, Korogwe hadi Tanga, kikicheza maigizo ambayo ndani yake watu waliimba pale ambapo wengine wangesema tu. Niliimba, nikaigiza, nikafundisha sauti, na katika miaka ya uhaba wa vitambaa nilimsaidia fundi wetu kushona maleba kutokana na mashuka na mapazia yaliyochakaa. Siku hizi sauti yangu imepungua, na magoti hayataki tena ngazi za jukwaa.

Tangu nilipostaafu nimekuwa nikiandika, na nia yangu ni riwaya ya watoto. Mswada wangu unaanza nilipozaliwa Kibosho, unapita shuleni, unafika Bagamoyo, unafuata safari zote za kikundi na kumalizikia siku kilipovunjika. Wajukuu walipokuja Desemba niliwasomea. Walisikiliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mmoja tu, mwenye miaka kumi, aliniuliza swali, nalo halikunihusu mimi. Alitaka kujua zaidi kuhusu binti wa fundi wetu wa nguo, ambaye nilimtaja katika aya moja. Mtoto huyo alisafiri nasi kwa kuwa mama yake hakuwa na mtu wa kumwachia. Alikuwa ameyashika maneno ya mchezo mzima, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau.

Nina mambo mengine yanayonisumbua. Nyimbo ambazo ukumbini ziliwainua watu vitini, nikiziandika kwenye karatasi zinabaki maneno matupu yanayojirudia, na baadhi yake zilitungwa na kiongozi wetu ambaye ni marehemu. Watu nimewataja kwa majina yao halisi, akiwamo mtunza fedha aliyeondoka na makusanyo ya kiingilio. Mwanangu aliyeko Arusha anasema niandike kwa Kiingereza, kwa sababu watoto wa siku hizi hawasomi Kiswahili. Na mpiga chapa mmoja wa mjini ananitaka nilipe kwanza gharama ya nakala 1,000, na anasema kazi yangu haihitaji mhariri. Naomba uniongoze.

Bibi wa Majengo, Moshi

*

Shikamoo, Mama.

Barua yako inaonyesha kwamba mkononi una vitabu viwili, na shida yako kubwa imetokana na kuvichukulia kama kimoja. Mswada ulioanza Kibosho na kumalizikia kikundi kilipovunjika ni tawasifu. Nakusihi usiutupe wala kuukatakata, kwa sababu habari za vikundi vya maigizo vya mikoa ya kaskazini hazijaandikwa kwa wingi, na ipo siku mwanafunzi wa sanaa atautafuta. Lakini tawasifu haigeuki riwaya ya watoto kwa kufupishwa na kurahisishiwa maneno. Mtoto wa miaka kumi hana haja ya kujua kazi ya mtu mzima ilianza wapi na ikaishia wapi. Anachotaka kujua ni mtoto mwenzake atafanya nini kesho asubuhi, na kama atakamatwa. Wajukuu wako wamekwisha kutoa hukumu yao kwa adabu, na yule wa miaka kumi amekwenda mbali zaidi, kwani amekuonyesha mhusika mkuu wa riwaya yako.

Mtazame vizuri binti huyo wa fundi. Anajua maneno ya watu wote na hakuna anayemruhusu kupanda jukwaani. Mama yake anaishi kwa posho ya kikundi, kwa hiyo hawezi kumjibu vibaya mtu yeyote, hata yule mwimbaji mkuu anayemtupia fundi gauni usoni na kudai limembana. Hata hivyo usiku taa zinapowaka, mwimbaji huyohuyo anaikodolea macho pembe ya pazia akimngoja mtoto amwokoe. Sasa jiulize itakuwaje usiku ambao mtoto ameamua kunyamaza, au amenong'ona neno lisilo lake. Hapo pana uamuzi ambao ni wake mwenyewe, pana hatari, na kuna mtu atakayeumia, na riwaya ya watoto haiwezi kusimama bila mambo hayo matatu. Wewe mwenyewe unaweza kubaki ndani ya kitabu kama mmoja wa waimbaji, ila uonekane kwa macho ya mtoto aliyekaa sakafuni nyuma ya pazia, ambaye pengine anakuona una majivuno au anakuogopa bila sababu. Itakubidi uvumilie. Waigizaji wengi wakianza kuandika hushindwa hapo, kwa sababu wamezoea taa imulike upande waliosimama wao.

Njia unayotaka kuipita imepitwa na wengine. Noel Streatfeild wa Uingereza aliigiza kwa takriban miaka kumi kabla ya kuwa mwandishi, na riwaya yake ya kwanza ya watoto, iliyotoka mwaka 1936, inahusu wasichana watatu wanaolelewa pamoja na kupelekwa kujifunza kazi ya jukwaa. Kinachoifanya isomwe mpaka leo ni hesabu zilizomo ndani yake: umri ambao sheria inamruhusu mtoto kupata kibali cha kuigiza kwa malipo, mshahara utakavyogawanywa, na mahangaiko ya kupata gauni la kwenda nalo kwenye majaribio wakati nyumbani hakuna fedha. Julie Andrews naye, aliyekuwa akiimba jukwaani tangu utotoni na kuvuma Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, mwaka 1956, alitoa riwaya yake ya kwanza ya watoto mwaka 1971, na hakusimulia humo habari za umaarufu wake. Upasuaji wa koo wa mwaka 1997 ulimharibia sauti ya kuimba, lakini aliendelea kuandika. Mwaka 2006 yeye na binti yake, Emma Walton Hamilton, walitoa kitabu kuhusu kundi la panya waigizaji wanaoishi chini ya ukumbi wa Broadway unaotaka kubomolewa. Maisha yake yote ya ukumbini yamo katika kitabu hicho, ila wanaoyaishi ni panya. Sikushauri uandike panya. Ninachotaka ukione ni jinsi alivyojiondoa katikati ya hadithi bila kuiondoa kazi aliyoijua.

Na kazi unaijua kuliko mimi na kuliko mwandishi yeyote aliyekuwa akikaa kwenye viti vya watazamaji. Mambo ya makofi na vigelegele yapitie haraka, kwa kuwa kila msomaji anaweza kuyawazia. Tuambie maleba yaliyolowa jasho yalikaushwa wapi wakati onyesho la pili lilikuwa kesho yake katika mji mwingine. Tuambie nani alikula kwanza kiingilio kilipokuwa kidogo, na nani alijifanya ameshiba. Mtoto wa Moshi anajua mvua ya masika inavyolipiga bati mpaka mwalimu anaacha kufundisha, lakini hajawahi kufikiria inamfanya nini mwimbaji ambaye wimbo wake wa huzuni umefika katikati. Wewe ulikuwapo, na unajua kama kikundi kilinyamaza, kilipaza sauti, au mpiga ngoma ndiye aliyeokoa jahazi.

Ule uhaba wa vitambaa ulioutaja kwa nusu sentensi ndio ninaoutamani kuliko vyote. Riwaya hailazimiki kufuata tarehe za maisha yako, kwa hiyo unaweza kuiweka mwaka 1983, wakati sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni, na serikali ilipoanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli. Wenye umri wako wanakumbuka jinsi watu walivyozitupa bidhaa usiku wakihofia kukutwa nazo. Sasa mweke fundi ndani ya treni ya kwenda Tanga akiwa na sanduku lililojaa vitambaa vya rangi zote, na karani wa kikundi mwenye barua ya kueleza kwamba hayo ni maleba awe ameachwa stesheni ya Moshi. Askari wanaingia behewani kukagua mizigo. Mtu pekee awezaye kuthibitisha kwamba zile ni nguo za mchezo ni mtoto anayejua maneno yote ya mchezo huo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuyasema kwa sauti mbele ya watu. Sijui wewe ungeandikaje sura hiyo, Mama, lakini mimi ningeisoma nikiwa nimesimama.

Ukichagua zama hizo, usimtolee mtoto mhadhara wa uchumi. Mwache aone foleni kwa kusimama ndani yake, na aone bei kwa kutumwa dukani na kurudi mikono mitupu. Treni yenyewe haitamsumbua, kwa kuwa treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi mwaka 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na watoto wengi wa huko wameshaiona. Vitu kama taa ya karabai vitahitaji sentensi moja ya kuvionyesha vikifanya kazi, kama vile kumwonyesha mtu akipampu huku mwingine akilinda utambi wake dhidi ya upepo.

Kuhusu nyimbo, umesema kweli, na sababu yake si udhaifu wako. Wimbo wa jukwaani umetungwa ukitegemea sauti, ngoma na miili ya watu, na ukiuhamishia kwenye karatasi umeuacha bila wasaidizi wake. Usiziandike nyimbo nzima. Katika ngano za bibi zetu, wimbo ndani ya hadithi huwa una kazi: ndege anaimba na siri ya mauaji inafichuka, au mtoto anaimba mlangoni na mama anamtambua kwa wimbo ule tu. Ukiondoa wimbo, hadithi inakwama. Tumia kipimo hicho, na wimbo wowote usiobadilisha jambo uutaje kwa jina na kuendelea na safari. Inayobaki iandike kwa mizani, yaani silabi, inayohesabika, ili mtoto akiisoma hata kimoyomoyo ulimi wake uipe mwendo. Ukitunga ubeti wa mizani nane kila mshororo, kwa mfano:

Karabai imezima,
Mwimbaji amesimama,
Sauti imemkwama,
Nani atasema neno?

mtoto wa darasa la nne hatahitaji nota wala kinanda. Mshororo wa mwisho unaweza kurudi mara tatu katika kitabu kizima, kila mara ukiulizwa na mtu tofauti na kujibiwa kwa namna tofauti, na wewe uliyefundisha kiitikio kwa miaka mingi unajua kwamba watu hupenda kurudia maneno ambayo maana yake imebadilika tangu walipoyaimba mara ya kwanza.

Ushauri wa kutunga upya unakuokoa pia na tatizo la nyimbo za marehemu kiongozi wenu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo nyimbo zake sasa ni mali ya warithi. Kuwa kwako katika kikundi hakukupi ruhusa ya kuzichapisha, hata kama wewe ndiye uliyeziimba. Ukiona kuna wimbo mmoja usioweza kuuacha, nenda kwa familia yake na upate idhini ya maandishi yenye saini, ikieleza kitabu gani na malipo gani, kama yapo. Nyimbo za asili ambazo hazina mtunzi anayejulikana hazina mgogoro huo wa warithi, ingawa ni ungwana kuzitaja zimetoka kwa watu gani.

Kwa habari ya majina halisi, yaondoe yote katika riwaya, na usiishie kwenye majina. Ukimwita mtunza fedha jina jingine lakini ukamwachia kofia yake, mwendo wake na kijiji chake, watu wa Moshi watamtambua kabla ya ukurasa wa pili, na wajukuu zake nao wanasoma. Mchukue mtu huyo umchanganye na mwingine, umbadilishie umri, ikiwezekana umfanye mwanamke. Kisha uamue kitu ambacho tawasifu haikukulazimisha kukiamua, yaani alizichukua fedha kwa sababu gani. Watoto hawaridhiki na mwizi aliyeiba kwa kuwa ni mwizi.

Mwanao wa Arusha ana hoja, kwa maana shule za mchepuo wa Kiingereza zimejaa Njiro na Sakina na watoto wake pengine wanasoma huko, lakini sikubaliani naye. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ambako ndiko waliko watoto wengi wa nchi hii, na hadithi zao za kusoma kwa kujifurahisha ni chache. Zaidi ya hayo, ngonjera, mafumbo na majibizano uliyokulia ndani yake yako katika Kiswahili, na sioni sababu ya mtu aliyeimarika katika lugha moja kwenda kujifunza kutembea katika nyingine akiwa na miaka 63. Kikifanikiwa kitatafsiriwa.

Ukianza kuandika, lenga kitabu cha kurasa 80 hadi 100, chenye sura fupi ambazo mzazi au mwalimu anaweza kuisoma moja kwa sauti kabla watoto hawajachoka. Kila sura isome kwa sauti wewe mwenyewe, kwa kuwa sikio lako limefunzwa na litagundua sentensi iliyokosa pumzi mapema kuliko jicho. Halafu uisome kwa watoto wasio ndugu zako, kwa mfano watoto wa mtaani au wanaokwenda Maktaba ya Mkoa, kwa sababu wajukuu wana sababu nyingi za kukusifia. Usiwaulize kama wamependa. Acha kusoma katikati ya sura na uone kama kuna atakayekudai iliyobaki.

Na huyo mpiga chapa usimpe fedha bado. Mchapishaji hugharamia uhariri, michoro na uchapaji, kisha humlipa mwandishi mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Mpiga chapa huchapa alichopewa na kulipwa na aliyempa, na kusema kwamba kazi haihitaji mhariri ni ushauri unaomnufaisha yeye. Mswada wa watoto unahitaji mhariri, tena mwenye uzoefu na vitabu vya watoto, na unahitaji mchoraji ambaye atakubali kwamba karabai haifanani na kandili. Ukiwa tayari, wapelekee wachapishaji wanaotoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, kama Mkuki na Nyota au E&D Vision, wote wa Dar es Salaam, na uulize kwanza wanapokea miswada kwa utaratibu gani. Vilevile fuatilia matangazo ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023 na ambayo inapokea pia hadithi za watoto. Masharti yake yasome mwaka husika, na usitume mswada uliokwisha kuchapishwa kabla ya kuhakikisha kwamba wanaukubali.

Kama baada ya yote hayo utaamua kujichapishia, omba ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kisha rudi kwa mpiga chapa yule ukiwa na mswada uliohaririwa, na umwombe akuandikie bei ya nakala 100 na bei ya nakala 300, pamoja na aina ya karatasi na siku ya kukabidhi kazi. Akisema hachapi chini ya 1,000, vuka kwenda Arusha ukaulize kwa wengine wawili kabla hujalipa chochote.